Njia nne za kurekodi albamu ya bendi, na ipi inaifaa yenu

Bendi ikishakuwa na nyimbo kumi zinazosimama, mazungumzo huhamia kwenye studio: ipi, inatoza kiasi gani kwa saa, nani ana maikrofoni nzuri. Kwangu hayo ni maswali ya pili. La kwanza ni namna ya kurekodi. Mtapiga wote pamoja mkitazamana, au kila mtu ataingia na siku yake? Mtajibana katika siku chache, au mtaenda kidogo kidogo hadi mridhike? Jibu hapo ndilo linaloamua fedha, chumba, fundi, na hata nyimbo zipi ziingie.

Bendi nyingi za kwetu hazipati nafasi ya kujiuliza, kwa sababu studio nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zimepangwa kwa ajili ya mwimbaji mmoja. Prodyuza anatengeneza biti kwenye kompyuta, mwimbaji anaingia kibandani na kuweka sauti, kazi imekwisha. Mfumo huo umetupa muziki mwingi mzuri. Lakini bendi ya watu watano ikiingia humo inavunjwa vipande kabla haijaamua kama inataka kuvunjwa, na wengi hutoka na albamu ambayo mashabiki wao wa jukwaani hawaitambui.

Nimechagua albamu nne zilizorekodiwa kati ya 1987 na 1994, zote za bendi zilizoanza nje ya kampuni kubwa. Nimezichagua kwa kuwa kila moja ilishika njia yake na kuifuata hadi mwisho, bila kuichanganya na nyingine. Zilifanywa kabla kompyuta haijatawala studio, kwa hiyo maamuzi yake bado yanasikika wazi.

Maikrofoni moja, siku moja

Cowboy Junkies ni bendi ya Toronto, Kanada. Ni ndugu watatu wa familia ya Timmins, yaani Margo anayeimba, Michael wa gita na Peter wa dramu, pamoja na Alan Anton wa besi. Tarehe 27 Novemba 1987 waliingia katika kanisa la Holy Trinity mjini humo wakiwa na wanamuziki wachache waalikwa na mtayarishaji Peter Moore. Ili wakubaliwe, walijitambulisha kwa wenye kanisa kama kikundi cha familia kinachorekodi kipindi cha Krismasi. Karibu albamu nzima, The Trinity Session, ilirekodiwa siku hiyo kwa maikrofoni moja ya Calrec iliyozungukwa na bendi.

Maikrofoni moja maana yake hakuna kuchanganya sauti baadaye. Mchanganyiko unafanyika sakafuni, kwa hatua za miguu. Gita likizidi, mwenye gita anarudi nyuma au anageuza amplifaya yake. Chombo kisiposikika, mpigaji wake anasogea. Sauti ya Margo ilipitishwa kwenye spika iliyokuwa humo kanisani ili isimezwe na vyombo, na spika hiyo nayo ikatafutiwa mahali pake mbele ya maikrofoni. Walianza na nyimbo zenye vyombo vichache, wakaongeza chombo baada ya chombo kadiri walivyozidi kukielewa chumba. Ukiisikiliza leo unasikia watu wanaopiga chini kwa makusudi, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi, na mwangwi wa kanisa umewafunika wote kwa kipimo kimoja. Hakuna kifaa cha studio kinachoweza kuwapa watu waliorekodi siku tofauti chumba kimoja cha kweli namna ile.

Kwa fedha, hii ndiyo njia nafuu: ukumbi kwa siku moja, maikrofoni moja bora na fundi mmoja mwenye masikio. Gharama yake iko kwingine. Mpiga besi akikosea noti kwenye ubeti wa mwisho, wimbo unaanza upya kwa wote. Mwimbaji akiamka na mafua, albamu nzima ina mafua. Na kama muziki wenu ni wa dramu za nguvu na magita yanayonguruma, maikrofoni moja itarekodi matasa ya dramu na kidogo sana cha mengine.

Wasikilizaji wetu wanaijua hali inayofanana na hii bila kwenda Kanada. Bendi za dansi zilizorekodi katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, Mlimani Park wakiwemo, ziliingia kamili na kupiga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Maikrofoni zilikuwa zaidi ya moja na fundi alikuwa mezani akisawazisha, lakini kanuni ilikuwa ileile: kinachopigwa sasa ndicho kitakachobaki. Iliwezekana kwa sababu zile bendi zilikuwa jukwaani usiku baada ya usiku. Solo, ridhimu, besi na wapuliza tarumbeta walikuwa wamekwisha kujuana kwa muda mrefu kabla taa nyekundu ya studio haijawaka. Anayetamani sauti ya rekodi zile na akaitafuta kwenye aina ya maikrofoni anapoteza fedha. Itafutwe kwenye ratiba ya maonyesho.

Kuna muziki mmoja ambao ningeuingiza kwenye njia hii bila kusita, nao ni taarabu ya vyombo vya asili: udi, kanuni, fidla, akordioni, dumbaki, na mwimbaji mmoja mbele. Vyombo hivyo vilizaliwa kupigwa pamoja ukumbini. Ukivirekodi kimoja kimoja, fidla zinazofuata sauti ya mwimbaji hupoteza zile nusu sekunde za kumsubiri avute pumzi, na kwa sikio langu humo ndimo ladha yote ilimo.

Traki nne, nyumbani

Huko Dayton, Ohio, Robert Pollard alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Guided by Voices ilikuwa bendi ya marafiki waliokutana baada ya kazi. Bee Thousand, iliyotoka 1994 kwa lebo ndogo ya Scat Records, ilirekodiwa kwenye gereji na vyumba vya chini ya nyumba, kwa mashine ya kaseti yenye traki nne. Ina nyimbo 20 ndani ya muda usiofika dakika 40.

Mashine ya aina ile inaugawa utepe wa kaseti mistari minne. Dramu mmoja, besi mmoja, gita mmoja, sauti mmoja, nafasi imekwisha. Ukitaka zaidi, unazichanganya traki tatu na kuzihamishia kwenye ya nne, unazifuta zile tatu, unaendelea kujenga juu yake. Kila uhamisho unaongeza mvumo wa utepe, na uamuzi uliofanya kuhusu uzito wa dramu haurudi tena. Ndiyo maana albamu ina dramu zinazosikika kwa mbali, gita lenye mikwaruzo, na nyimbo zinazokatika ghafla. Pollard na mwenzake Tobin Sprout hawakuyaficha hayo. Waliunga hata vipande vya rekodi zao za zamani kupata wimbo mpya. Kilichowabeba ni wingi wa melodi nzuri na kasi ya kuzinasa zikiwa bado moto.

Leo kompyuta mpakato, kadi ya sauti ya matundu mawili na maikrofoni moja ngumu kama Shure SM57 vinampa mtu zaidi ya kile walichokuwa nacho, na traki hazina kikomo. Hapo ndipo pagumu. Kaseti iliwalazimisha kuamua jioni ileile. Kompyuta inakuruhusu kuweka magita kumi na mawili na kusema utachagua kesho. Kwa bendi inayojirekodi nyumbani ningeweka sheria ya traki nane kwa wimbo, dramu zikiwa ndani ya hesabu hiyo.

Nyumba zetu zina masharti yake pia. Chumba cha saruji na vigae kinarudisha kila sauti, kwa hiyo magodoro, mablanketi na kabati lililofunguliwa likiwa na nguo vina kazi. Paa la bati halisamehe mvua. Feni inazimwa, jokofu linazimwa, na jenereta la jirani lina ratiba yake. Gita, kibodi na sauti vinawezekana katika hali hiyo. Dramu kamili ndizo zinazogomba na nyumba, kwa kelele wanayopata majirani na kwa sababu dari fupi hurudisha mlio wa matasa kwenye maikrofoni ukiwa mkali na mwembamba.

Mara nyingi bendi hutajiwa Justin Vernon, aliyerekodi albamu ya For Emma, Forever Ago kwa jina la Bon Iver katika kibanda cha baba yake huko Wisconsin majira ya baridi ya 2006 na 2007. Ni albamu ninayoipenda sana, lakini ni kazi ya mtu mmoja aliyekuwa peke yake na wakati wake. Haiwasaidii watu watano wenye kazi, ndoa na foleni za barabarani kujua watakutana lini.

Siku kumi na fundi mmoja

Pixies, bendi ya roki ya Boston, Marekani, waliingia studio ya Q Division mjini humo Desemba 1987, wakiwa na bajeti ya dola 10,000 na siku kumi za kazi. Aliyewarekodi ni fundi Steve Albini wa Chicago, wakati huo ana miaka 25. Alilipwa dola 1,500 na hakuchukua mirabaha, yaani sehemu ya mapato ya mauzo. Albamu, Surfer Rosa, ilitolewa na lebo ya 4AD ya London Machi 1988.

Albini, aliyefariki Mei 2024, aliishi kwa msimamo kwamba kazi yake ni kurekodi bendi jinsi ilivyo, si kuiandikia muziki. Hakupenda kuitwa mtayarishaji. Alifahamika kwa kuweka maikrofoni karibu na dramu na nyingine mbali kabisa ndani ya chumba, ili nafasi yenyewe isikike. Kwenye Surfer Rosa sauti za Kim Deal, mpiga besi wa Pixies, zilirekodiwa bafuni kwa baadhi ya nyimbo, kwa ajili ya mwangwi wa kweli badala ya ule wa mashine, na mazungumzo ya studio yakaachwa kati ya wimbo na wimbo.

Njia hii, jinsi bendi nyingi za kujitegemea zinavyoifuata hadi leo, huenda hivi. Dramu, besi na gita la msingi vinapigwa pamoja, mwimbaji akiimba pembeni kwa kuwaongoza tu. Wanarudia wimbo mara tatu au nne, wanachagua mpigo ulio hai zaidi. Kisha mwimbaji anaweka sauti halisi, solo inafuata, na waitikiaji mwishoni. Kwa hiyo msingi una pumzi ya watu waliokuwa chumba kimoja, ilhali makosa ya juu yanarekebishika bila kuwaita wote warudi.

Ugumu wa kiufundi ni sauti kupenya. Dramu zitaingia kwenye maikrofoni ya gita, na gita kwenye maikrofoni za dramu. Kupenya si dhambi. Ndiko kunakofanya vyombo vionekane viko mahali pamoja. Ubaya ni pale mlio uleule unapofika kwenye maikrofoni mbili kwa nyakati zinazotofautiana kidogo, mawimbi yakapunguzana na ngoma ikawa tupu. Kanuni ambayo mafundi huianzia ni tatu kwa moja: umbali kati ya maikrofoni mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila moja na chombo chake. Amplifaya ya gita ikiwekwa chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa, huku mpigaji akibaki na wenzake kwa hedifoni, nusu ya matatizo inaondoka.

Siku kumi zinatosha kwa sababu kila siku ina kazi yake. Kama fedha yenu inanunua siku nne tu, bado mpango huu unafanya kazi, mradi msitumie siku ya studio kufanya jambo la mazoezini. Kubishana juu ya utangulizi wa wimbo studio ni kubishana kwa bei ya saa. Fungeni kila kitu kabla: mwendo, funguo, idadi ya beti, nani anaacha kupiga wapi. Ngozi mpya za dramu zifungwe siku moja kabla ili zitulie. Nyuzi mpya za gita vivyo hivyo.

Miaka miwili na studio kumi na tisa

My Bloody Valentine, bendi iliyoanzia Dublin, Ireland, walianza kurekodi albamu ya Loveless mapema 1989 na kumaliza Septemba 1991. Lebo yao, Creation ya London, ilikuwa imedhani siku tano zingetosha. Walipita studio 19 na mafundi wengi. Mpiga dramu wao, Colm Ó Cíosóig, aliugua, na dramu nyingi za albamu zikajengwa kutokana na vipande vifupi alivyovipiga. Kevin Shields, kiongozi wa bendi, alipiga karibu magita yote. Kiasi kilichotajwa na vyombo vya habari kwa miaka mingi ni pauni 250,000. Shields mwenyewe amekipinga. Baada ya albamu kutoka Novemba 1991, Creation iliachana na bendi, na albamu iliyofuata ya bendi hiyo ilikuja 2013.

Siisemi vibaya Loveless. Hakuna iliyofanana nayo kabla yake, na isingezaliwa kanisani kwa siku moja. Shields alikuwa mtu mmoja aliyesikia sauti ambayo haikuwepo bado duniani, na studio ndiyo iliyokuwa chombo chake cha kuitafutia. Lakini bendi inayochagua njia hii lazima ikubali mambo mawili tangu mwanzo. La kwanza, kwamba mtu mmoja ataongoza na wengine watasubiri, pengine kwa miezi. La pili, kwamba nyimbo zitaandikwa ndani ya studio, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema zitakwisha lini. Bendi yenye uhuru wa kupiga kura kwa kila jambo itavunjika humo.

Kuna sura ya siku hizi ya njia hii isiyo na lebo wala pauni: albamu iliyo kwenye kompyuta ya mwanabendi mmoja kwa mwaka wa tatu, yeye akiendelea kupunguza na kuongeza, wenzake wakiwa wameacha kuuliza. Fedha haikupotea. Bendi ndiyo inayopotea.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Tazama kwanza mpiga dramu, maana yeye ndiye mwamuzi wa kweli. Kanisani anatakiwa ajue kupiga polepole na kwa sauti ya chini, ufundi mgumu kuliko kupiga kwa nguvu. Nyumbani anaweza asiwepo kabisa, au apige ngoma mbili na manyanga. Katika siku kumi za studio anabeba nyumba nzima: mwendo wake ukiyumba, kila kitu kilichowekwa juu kinayumba naye. Katika njia ya Loveless vipande vyake vifupi vinatosha, na huenda asijitambue akisikia albamu. Ikiwa mpiga dramu wenu ni imara, nusu ya uamuzi imekwisha kufanyika, na ni uamuzi wa kupiga pamoja.

Suala la mlio wa kuhesabia mapigo masikioni linaingia hapa. Anayerekodi kipande kwa kipande hawezi kuukwepa, kwani ndio unaofanya gita la Jumatano likae juu ya besi ya Jumatatu. Wanaopiga pamoja wanaweza kuuacha, na mara nyingi mimi ningeuacha. Wimbo wa dansi ukifika sebene hupanda mwendo kidogo, wachezaji wanaupanda nao. Ukiufungia mapigo yasiyobadilika, sebene inakuwa sehemu nyingine tu ya wimbo. Isipokuwa mnataka baadaye kuongeza vyombo vya kompyuta, au kumpa DJ toleo la kuchanganya. Hapo mlio wa kuhesabia unaokoa kazi kubwa.

Makosa yana bei tofauti. Kwa maikrofoni moja kosa linagharimu wimbo mzima. Kwa msingi wa pamoja linagharimu dakika kumi. Kwa kompyuta ya nyumbani halina bei kabisa, na hilo linavutia mno mwanzoni, hadi pale mwimbaji aliyeimba ubeti mara arobaini anapochaguliwa silabi kutoka kila rudio na kutoka akiwa laini kama hajawahi kuumia. Sauti ya mwimbaji, kwa maoni yangu, irekodiwe wimbo mzima mara tatu hadi tano, kisha ichaguliwe moja na kutengenezwa kidogo tu.

Kwa upande wa fedha, watu hupiga hesabu ya kurekodi na kusahau kuchanganya. Maikrofoni moja haina kuchanganya. Msingi wa pamoja wenye traki 16 unahitaji mtu wa kuukalia, kwa kawaida siku nzima kwa wimbo kama kazi ni ya uangalifu. Albamu ya nyumbani inahitaji muda zaidi hapo, kwa kuwa fundi anatengeneza chumba ambacho hakikuwepo. Kama mna fedha kidogo, afadhali mrekodi wenyewe nyumbani yale yanayowezekana na kumlipa vizuri mtu wa kuchanganya, kuliko kinyume chake.

Ningechagua hivi

Bendi inayopiga hotelini au baa kila wiki, nyimbo zikiwa zimezoeleka: msingi wa pamoja, siku tatu hadi tano, studio yenye chumba kimoja kikubwa na dari refu. Vifaa vya bei ghali viwe jambo la tatu. Pigeni kofi moja katikati ya chumba kabla ya kulipa. Likirudi kama mlio wa chuma, tafuteni kwingine. Msipopata studio yenye chumba, kodini ukumbi wa shule au wa parokia siku ambayo hauna shughuli, mkamlete fundi na vifaa vyake.

Kikundi cha vyombo vya nyuzi, kwaya ndogo, au mwimbaji na magita mawili: njia ya kanisani, ingawa si lazima maikrofoni iwe moja. Jozi moja ya maikrofoni mbele ya kikundi na moja ya akiba kwa mwimbaji inatoa nafuu kidogo bila kuharibu kanuni.

Watunzi wawili wenye nyimbo nyingi na bendi isiyokamilika: nyumbani, bila kuona haya. Toeni nyimbo sita badala ya kumi na mbili. Zile zitakazopendwa, bendi ikikamilika, mtazirekodi tena.

Na bendi inayotaka sauti ambayo bado haina jina? Hiyo ijipe mwaka, ichague kiongozi mmoja kwa maandishi, na iweke tarehe ambayo kazi itakwisha hata kama haijapendeza.

Kuna njia ya kati ambayo mimi naiona inawafaa wengi kuliko zote nne. Siku mbili za studio kwa dramu, besi na gita la msingi tu, pamoja, kwenye chumba kizuri. Halafu faili zote zinaenda nyumbani, sauti na solo zinawekwa huko kwa utulivu katika wiki sita zilizopangwa, kisha kazi inapelekwa kwa mchanganyaji. Studio inalipiwa pale tu inapohitajika kweli, yaani kwenye dramu, na mwimbaji hafungwi na saa ya ukutani.

Kabla ya kuamua, rekodini mazoezi kwa simu moja iliyowekwa katikati ya chumba, nyimbo tatu, bila kusimama. Sikilizeni kesho yake. Ikiwa mnaufurahia wimbo hata kwa sauti ile mbovu, bendi yenu iko tayari kurekodi pamoja. Ikiwa kila mmoja anasikia kosa la mwenzake tu, ongezeni mwezi wa mazoezi kabla ya kulipa studio.

Malipo, na nani anabaki na masta

Kabla ya kurekodi albamu ya In Utero na bendi ya Nirvana mwaka 1993, Albini aliiandikia bendi hiyo kwamba alitaka kulipwa kama fundi bomba: anafanya kazi, analipwa thamani yake, basi. Mirabaha, alisema, ni ya bendi. Kwetu mara nyingi hutokea kinyume. Bendi haina fedha taslimu, prodyuza anarekodi bure, na makubaliano yanabaki mdomoni. Wimbo ukivuma ndipo linapozuka swali la nani anamiliki rekodi. Zile hazina za Redio Tanzania zina somo hapa pia: kanda zilibaki mikononi mwa redio, si kwa wanamuziki waliozipiga.

Mkiweza, lipeni kiasi kamili hata kama ni kidogo na kwa awamu, na masta, yaani rekodi yenyewe ya asili, ibaki yenu. Msipoweza, kugawana si aibu, ila asilimia iandikwe na wote watie saini kabla ya kurekodi: ya rekodi peke yake, ya utunzi peke yake. Hayo ni mambo mawili, na mtu aliyechanganya sauti hajawa mtunzi kwa sababu hiyo. Andikisheni nyimbo kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania, au KECOBO kwa Kenya.

Kwenye kuitoa albamu mtandaoni, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Bandcamp, mtandao ambapo shabiki hununua muziki moja kwa moja, inakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na inafaa bendi yenye mashabiki wachache wanaonunua. CD Baby, inayosambaza nyimbo kwenye majukwaa ya kusikilizia, inatoza mara moja na kubaki na asilimia 9 ya mapato. DistroKid, inayofanya kazi kama hiyo, inatoza kila mwaka bila kukata mirabaha, lakini ada isipolipwa nyimbo zinaweza kuondolewa. Bendi inayotoa albamu moja kila miaka mitatu ifikirie mfumo wa kulipa mara moja.

Siku ya mwisho studio, msiondoke na miksi, yaani wimbo uliokwisha kuchanganywa, peke yake. Chukueni kila traki kama faili ya WAV ya biti 24, zote zikianzia sekunde ya sifuri ili ziweze kufunguliwa kwenye programu yoyote. Kwa kilohezi 48, dakika moja ya traki moja ni takriban megabaiti 8.6. Wimbo wa dakika nne wenye traki 16 ni kama megabaiti 550, na nyimbo kumi zenye marudio matatu kila moja zinakaribia gigabaiti 17. Diski ndogo inazibeba zote. Nunueni mbili, zikae kwa wanabendi wawili wanaoishi nyumba tofauti.